Mtu wa Boriti ya Tatu

Encarna aliingia bafuni asubuhi ya Jumamosi, akakanyaga sakafu tupu pale ambapo mguu wake umezoea kukuta mpira, nusura aanguke. Akawasha taa. Mkeka wa mpira wa kuzuia kuteleza ulikuwepo, ila katikati yake palikuwa na matundu mawili yenye umbo la nyayo, ya kushoto na ya kulia, yaliyokatwa kwa ufundi wa mtu anayejua kushika kisu.

"Isidoro!"

Mume wake alikuwa jikoni, anakunywa kahawa wima. Siku hizo hakuwa akikaa, maana akikaa mguu unawaka moto kuanzia kalio mpaka kidole kidogo.

"Nani kaukata mkeka wangu?"

"Mkeka gani?"

"Usiniulize mkeka gani. Tuko wawili tu humu ndani, na miguu ile si yangu."

Isidoro akaangalia kikombe. Mtu mzima wa miaka arobaini na saba, fundi lipu anayejulikana mji mzima, baba wa binti aliyeolewa, akashindwa kujibu swali la mkeka wa bafuni.

"Kesho ni siku ya kupimana," Encarna alisema, safari hii polepole, kwa sababu alishaelewa. "Umekata soli za kuweka kwenye viatu. Unataka uonekane mrefu."

"Sitaki urefu wa mtu. Nataka wangu nilioupoteza."

Huo urefu ulipotea wapi, waliambiwa siku chache nyuma hospitalini. Na kwa nini mwanaume aukate mkeka wa mkewe kwa ajili ya sentimita moja na nusu, hilo halihitaji kuelezwa kwa mtu wa kwetu Andalusia, kusini mwa Hispania, lakini wacha niliseme. Juma Kuu likifika, sanamu ya Mama Bikira hutoka kanisani kuzunguka mji juu ya jukwaa la mbao na fedha, lenye mishumaa na maua, zito ajabu. Chini yake, nyuma ya mapazia, kuna wanaume. Wanabeba kwa shingo, pale mfupa unapochomoza juu ya mabega, kila kundi chini ya boriti yake. Wa boriti moja lazima walingane kimo. Aliye mfupi boriti haimgusi, wenzake ndio wanabeba sehemu yake, na mtu huyo husemwa kwamba anapanda bure. Afadhali uitwe mwizi. Mwizi ana wakili.

Isidoro alikuwa mtu wa boriti ya tatu tangu ujana wake, na baba yake kabla yake. Kwenye majengo anakopiga lipu, wenye nyumba humwita "wewe wa ukutani." Chini ya Bikira anaitwa kwa jina lake, na linatajwa kwa heshima.

*

Daktari Ibáñez alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Aliiweka picha ya mgongo kwenye kioo chenye mwanga, akawaonyesha pingili zilizopangana, na katikati yao diski, vile vitakia vinavyotenganisha mfupa na mfupa.

"Hizi za juu zimejaa vizuri, mnaona? Sasa tazameni hizi mbili za chini."

Za chini zilikuwa nyembamba na nyeusi. Nyuma ya moja kilining'inia kipande kama tone la uji lililotoka nje ya sufuria.

"Hicho ndicho kinachokuunguza," daktari alisema. "Ila si kwa sababu kinabana tu. Bwana Isidoro, ndani ya diski kuna ute mzito, na mle ndani hakuna damu. Tangu uzaliwe, seli za kinga za mwili wako hazijawahi kuuona ute ule. Siku ganda lilipopasuka ute ukatoka, seli zikakutana na kitu zisichokijua. Zikadhani ni mgeni."

"Mgeni wakati ni wa kwangu?" Isidoro aliuliza.

"Wa kwako, ila hawajawahi kutambulishwa. Basi zikaja mbio, zikamwaga kemikali zao za vita, pale pakavimba, pakapata moto. Mshipa wa fahamu unapita hapohapo, ukaungua nao. Mgomvi yuko kiunoni, anayelia ni mguu."

Encarna akacheka bila kutaka. "Kama mama yangu na jirani yake."

"Hasa. Lakini sikilizeni upande wa pili." Daktari akaweka kidole kwenye lile tone. "Seli zilezile ndizo zinazokula kipande hiki. Zinakimega kidogokidogo. Kikitoka nje kabisa kama hiki chako, mara nyingi huliwa vizuri kuliko kile kinachochungulia tu. Nimeona watu wakirudi baada ya miezi, napiga picha, kipande hakipo. Kisu hakikuwagusa."

"Kwa hiyo kinachoniuma ndicho kinachoniponya?"

"Kwa sehemu. Ndiyo maana sipendi sindano ulizonitajia, hizo anazokuchoma shemeji yako kila mwaka kabla ya mazoezi. Zinazilaza seli. Kama dawa hiyo inachelewesha kuliwa kwa kipande, hatuna hakika. Ninachokijua kwa hakika ni kwamba uchungu ukilala wewe unakwenda kubeba, na kubeba ndiko kulikopasua."

"Na hizi mbili nyeusi?" aliuliza Encarna.

Daktari akashusha kidole kwenye zile nyeusi. "Hapo ndipo seli hazina wema. Mzigo wa miaka ulitia nyufa ndogondogo. Kila ufa uliziita. Zikaja, na kwa vile mzigo haukukoma, nazo hazikuondoka. Moto mdogo uliokaa miaka unaila diski yenyewe. Inakauka, inashuka. Umepungua urefu, Bwana Isidoro. Sentimita moja na nusu hivi."

Yale mengine yote, kutembea kidogo kila siku, kutonyanyua kitu, kuvumilia, Isidoro hakuyasikia tena. Alisikia sentimita moja na nusu. Encarna ndiye aliyesikia la mwisho, na akaomba lirudiwe: mguu ukilegea, waje. Akishindwa kukojoa, au akipata ganzi pale anapokalia, waje siku hiyohiyo, wasingoje kesho, maana mishipa ya hapo ikifa haifufuki.

*

Jumapili wanaume walijipanga mbele ya kanisa, fulana zimewabana, matumbo yamevutwa ndani. Leandro, nyapara wa wabebaji, alipita nyuma yao akiweka kiganja kwenye shingo moja baada ya nyingine. Ni mtu mfupi mwenye koti jeusi, na anaposhika shingo yako unajisikia umerudi shuleni.

Encarna alikuwa ng'ambo, kwenye mlango wa baa, pamoja na wake wengine. Alimwona mume wake amesimama juu ya mkeka wake wa bafuni, uso umekauka kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kiganja cha Leandro kikatua, kikakaa. Kikakaa tena kidogo. Leandro akashusha macho mpaka kwenye viatu.

"Ya tatu," akasema, akapita.

Wanawake wakapiga makofi. Mmoja akamsukuma Encarna begani: "Mzee wako bado chuma!" Encarna akatabasamu. Angeweza kuvuka barabara na kusema neno moja, lakini neno hilo lingemvua mume wake nguo mbele ya mji mzima. Akanyamaza, akajichukia kwa kunyamaza, akanywa kahawa yake imeshapoa.

*

Zoezi la pili la Kwaresima jukwaa lilipakiwa mifuko ya mchanga badala ya Bikira. Isidoro alirudi nyumbani na kandambili moja mkononi. Ilikuwa ikimvuka kila hatua. Alipoulizwa, akasema imechakaa. Encarna akaitazama: aliinunua Krismasi.

"Nyanyua vidole vya mguu."

"Niache, nina njaa."

"Vinyanyue nivione."

Vidole havikunyanyuka. Isidoro aliviangalia kama watoto wa mtu mwingine. Dengu na mchicha zikapoa mezani.

Quino, kaka yake Encarna, akafika na begi lake. Alikuwa muuguzi kabla ya kustaafu, na nusu ya makalio ya mtaa huu anayafahamu kuliko wenyewe. Ana moyo mzuri, Quino, na hilo ndilo tatizo: hawezi kumwona mtu anaumia akakaa na sindano mfukoni.

"Inama hapo mezani, shemeji."

Isidoro akasogeza sahani, akalala kifudifudi juu ya meza, akashusha suruali nusu.

"Hutamchoma," alisema Encarna.

"Dada, huoni hali yake?"

"Naiona. Mguu umelegea. Anatakiwa hospitali, hatakiwi wewe. Daktari alisema huo moto una kazi yake."

"Daktari wa juzi yule! Uvimbe ni ugonjwa, ugonjwa unazimwa. Nyumba ikiwaka utauacha moto umalize kazi yake?"

"Nyumba ikiwaka sitaibebesha na mizigo juu!"

"Jamani," ilisema sauti kutoka mezani, "mtaamua lini? Nimeshikwa na baridi huku."

Quino akacheka. Encarna hakucheka. Aliinama mpaka uso wake ukalingana na wa mume wake, shavu lake Isidoro likiwa limelala kwenye kitambaa cha meza karibu na mkate.

"Mwambie asikuchome. Mwambie mwenyewe. Twende hospitali sasa hivi."

Isidoro akafumba macho. "Juma Kuu likipita. Nakuapia, likipita tu, nitakwenda kokote unakotaka. Choma, Quino."

Encarna akatoka jikoni. Akiwa sebuleni alisikia pamba ikipanguswa, alisikia na ile pumzi ndefu ya nafuu. Akalia kwa hasira, kimya, ili wasipate cha kumbembelezea.

*

Kesho yake alifanya jambo ambalo mke wa mbebaji hafanyi. Alikwenda kwa Leandro.

Leandro ana duka la vifaa vya umeme. Alikuwa anapima waya kwa mteja, akamaliza, akamsindikiza mteja hadi mlangoni, akageuza kibao cha "Tumefunga."

"Mtoe," alisema Encarna. "Diski zimeisha, mguu umelegea. Kwenye viatu kaweka—"

"Mpira. Unadhani sikuona? Shingo ile naijua kuliko ya mke wangu."

"Uliona ukasema 'ya tatu'?"

"Ulitaka niseme nini, Encarna? Nimvue viatu pale, watoto wakicheka?" Leandro aliketi kwenye boksi la taa, akawa mfupi zaidi. "Halafu nikimvua yeye, wa boriti ya tano nimwache? Na yule wa boriti ya kwanza mwenye bega bovu? Mimi pia nilikuwa chini pale. Leo siwezi kumnyanyua mjukuu. Sisi sote tuna mgongo huo, mama. Hatuutaji tu."

"Basi utaje wewe. Wewe ndiye mkubwa wao."

"Nikimtoa kwa neno la mke wake, atabeba hiyo aibu mpaka kaburini, nawe hatakusamehe. Mwanaume anajitoa mwenyewe. Akija akaniambia, nitamkumbatia."

"Na asipokuja?"

Leandro akaanza kuukunja waya uliobaki. Aliukunja vizuri sana.

*

Alhamisi Kuu, mchana, walikuwa chumbani na masombo. Hakuna mbebaji anayeweza kujifunga masombo peke yake: ni kitambaa kirefu, mtu mmoja ashike ncha na kuvuta kwa nguvu zote, mwenye kiuno ajiviringishe ndani yake akimjia polepole mpaka wakutane. Kila mwaka Encarna ndiye mvutaji, na wanapokutana huwa wanabusiana.

Safari hii alivuta macho yakiwa kwenye kitambaa. Quino alikwisha kupita na begi lake. Isidoro akazunguka mara ya kwanza, ya pili.

"Vuta."

"Nimevuta."

"Vuta chini zaidi, pale kwenye makalio. Hakijakaza."

"Kimekaza, Isidoro."

"Hakijakaza, sikisikii!"

Encarna alisogea, akaweka mkono wake pale ambapo kitambaa kilizama ndani ya nyama. Hata kidole hakikupita.

"Mkono wangu je?"

Isidoro akakishika kitambaa kwa mikono miwili, akakivuta mwenyewe.

"Isidoro. Unausikia mkono wangu?"

"Sindano," alisema Isidoro. "Ni sindano ya Quino imetia ganzi."

"Asubuhi ulikaa chooni muda mrefu. Nilikuwa mlangoni. Sikusikia maji."

Hakumgeukia. Alisimama amefungwa nusu, kama kifurushi kilichoachwa posta, na Encarna akaona masikio yake yakiwa mekundu. Hofu iliwashika wote wawili kwa pamoja. Yale maneno ya daktari yalikuwa chumbani mle, hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuyarudia.

"Nishikie ncha, nimalize," alisema Isidoro hatimaye. "Nitakwenda kanisani. Lazima niende. Wananisubiri."

"Ukiingia chini ya jukwaa leo, unaweza kutoka humo ukiwa mtu wa kuvalishwa nepi. Nami nitakuvalisha, usidhani nitakuacha. Lakini sitakudanganya kwamba sikukasirika."

Alisema hivyo akavuta ncha, akaivuta vizuri kama miaka yote, kwa sababu hakuweza kumwacha mume wake aende njiani nusu amefungwa. Walipokutana hawakubusiana.

*

Ndani ya kanisa kulikuwa na joto la mishumaa. Wanaume walikuwa wamejifunga ngata zao za kitambaa kichwani, zinazoshuka hadi shingoni boriti inapolalia, wanatiana moyo kwa makofi ya mgongoni, yale makofi ambayo kila mmoja anajifanya hayamuumi. Nje watu walijaa uwanja mzima, bendi imeshapanga safu.

Leandro aliwakusanya, wakasali. Kisha akauliza swali ambalo huulizwa kila mwaka dakika hiyo, na ambalo kila mtu hulichukua kama sehemu ya sala:

"Kuna asiyejiweza? Aseme sasa."

Walikwisha kuanza kuinama kuingia chini. Leandro mwenyewe alikwisha kugeuka.

"Mimi," alisema Isidoro.

Wa karibu yake alidhani anatania, akacheka. Halafu akaona uso wake.

"Mimi siwezi, Leandro. Mgongo umeharibika. Ulikuwa umeharibika hata siku ya kupimana, nikakudanganya. Mguu umelegea. Huku nyuma sisikii kitu." Alikohoa. "Na tangu asubuhi nimeshindwa kukojoa."

Hilo la mwisho halikuwa na haja ya kusemwa mbele ya wanaume. Lilimtoka tu. Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja wa boriti ya kwanza akaangalia sakafu. Leandro akamjia, na kweli akamkumbatia, akamnong'oneza: "Haraka, mlango wa pembeni. Mkeo yuko hapo." Kisha akageuka, sauti imebadilika: "Ya tatu, sogeeni, zibeni pengo! Mlango unafunguliwa."

Encarna alikuwa kwenye mlango wa pembeni kati ya wake wengine, ameshika kofia ya Isidoro na chupa ya maji. Mlango ulipofunguka alidhani ni padri. Akamwona mume wake akitoka peke yake, ngata kichwani, masombo kiunoni, mguu mmoja ukiburuzika, mbele ya wanawake wote. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi moyo wake ulifunguka kwa furaha, na papo hapo akaona haya kwa kufurahi, maana uso wa Isidoro ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

"Nilimwambia Quino aweke gari nyuma ya soko, endapo ungetoka twende hospitali," alisema harakaharaka. "Hatuwezi kupita mpaka Bikira atoke, watu wamejaa. Dakika chache tu. Kunywa maji. Hapana, usinywe."

Isidoro akaugeukia ukuta, akaweka paji la uso kwenye jiwe. Kutoka ndani ilisikika nyundo ya Leandro ikigonga jukwaa mara moja, sauti yake ikiwaita. Pigo la pili likafuata, kisha kile kishindo cha shingo zote kunyanyuka kwa pamoja. Uwanja ukalipuka kwa makofi. Bendi ikaanza.

"Ametoka?" aliuliza bila kugeuka.

"Anatoka."

"Upande wa kushoto. Mahali pangu kwenye boriti ya tatu ni kushoto kwako. Angalia mishumaa ya upande huo. Imeinama?"

Encarna alitazama. Bikira alikuwa amejitokeza mlangoni, taratibu, na mishumaa yake yote ilikuwa imesimama wima kama siku zote, kushoto na kulia. Alijua mume wake anaomba nini. Isidoro alitaka iiname, hata kidogo tu, hata upana wa kidole, ili pengo lake lionekane. Angeweza kumpa hilo, na lisingemgharimu kitu.

"Haijainama," alisema. "Iko sawa kabisa."

Isidoro akatikisa kichwa kwenye ukuta. Alipogeuka alinyoosha mkono hewani, akaipata shingo ya mke wake, akauweka pale nyuma, na akaegemea kwa uzito wake wote. Encarna hakuwahi kujua kwamba ni mzito hivyo. Akajikaza, akapanga miguu.

"Twende," Isidoro alisema, na wakaanza kwenda kuelekea sokoni.